Tita la Matete: Toba na Malipo katika Filamu ya Sunrise

Mtu akitubu, je, toba yake yaaminika kabla hajailipia? Swali hili ndilo kiini cha Sunrise, filamu ya kimya iliyotolewa na kampuni ya Fox huko Marekani mwaka 1927. Mwongozaji wake, F. W. Murnau, alikuwa Mjerumani; naye Carl Mayer aliiandika kutokana na hadithi ya Hermann Sudermann iitwayo Die Reise nach Tilsit.

Kisa chenyewe ni chepesi, na wahusika hawana hata majina. Mkulima ametekwa na mwanamke wa mjini, ambaye anamshawishi amzamishe mkewe ziwani, kisha ajiokoe kwa tita la matete, ili watu wadhani mashua ilipinduka. Saa ilipofika, mkulima akashindwa kutenda. Mke akakimbia, mume akamfuata hadi mjini, na huko wakapatana. Walipokuwa wakirejea usiku tufani iliwakumba, na mume akamfunga mkewe matete yale yale aliyojiwekea mwenyewe.

Hapa ndipo filamu inapoachana na hadithi. Kwa Sudermann, matete yanamwokoa mke, na mume anazama. Amelipa kwa roho yake. Kwa Murnau, wote wawili wanaishi. Wako watakaosema kuwa huko ni kuwabembeleza watazamaji, kwani toba isiyo na gharama ni rahisi mno. Hoja hiyo ina uzito, lakini yasahau mambo mawili.

La kwanza ni kanisani. Wawili hao wanaingia katika arusi ya watu wasiowajua. Kasisi anamwusia bwana arusi amlinde mkewe. Mkulima anayasikia hayo na kuangua kilio mbele ya mke aliyetaka kumwua. Msamaha hauelezwi kwa hotuba. Twauona katika nyuso za George O'Brien na Janet Gaynor. La pili ni usiku wa tufani. Mume anatafuta ziwani, anakuta matete yaliyotawanyika, na anaamini kuwa mkewe amekufa. Kwa muda huo anaonja matunda ya tendo alilolikusudia. Hayo ndiyo malipo yake, nayo si madogo.

Hata hivyo kasoro ipo. Mwanamke wa mjini amefanywa chombo cha uovu tu, kana kwamba mkulima hakuwa na tamaa yake mwenyewe. Laiti angepewa nafsi, hatia ya mume ingalikuwa nzito zaidi.

Filamu ilionyeshwa kwanza New York tarehe 23 Septemba 1927, ikiwa na muziki na sauti nyingine zilizorekodiwa. Wiki mbili baadaye ilitokea The Jazz Singer, na watu wakakimbilia sinema ya maneno. Sunrise haikurudisha gharama zake. Lakini katika tuzo za kwanza za Academy, mwaka 1929, ilitunukiwa kwa usanii wake na kwa upigaji picha wa Charles Rosher na Karl Struss. Gaynor naye alituzwa kwa filamu hii na nyingine mbili. Negativu yake ya asili iliteketea kwa moto mwaka 1937. Mwaka 2012 wahakiki walioulizwa na jarida la Sight & Sound waliiweka ya tano miongoni mwa filamu zote.

Mwanafunzi wa fasihi na aisome hadithi kwanza, kisha aitazame filamu, apate kuamua mwenyewe ni mwisho upi ulio wa haki.