Hesabu Iliyomo Ndani ya Picha ya Tingatinga

Wengi wakiitazama picha ya Tingatinga huona chui mwenye macho makubwa na rangi zinazong'aa, basi. Mimi kwanza huiona hesabu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, akiwa ameshapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, utumishi wa nyumbani na vibarua vya mjini. Hakusomea uchoraji, wala hakuwa mtu wa mtaji. Kila hatua ya mbinu yake ni jibu la swali ambalo mchoraji wa kujitegemea katika pwani hii, kuanzia Msasani hadi Bagamoyo, hulala nalo na kuamka nalo: nitatoa kiasi gani mfukoni kabla picha haijanunuliwa?

Tuanze na ubao. Alitumia hadibodi, ile ya kupigia dari, inayopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Karatasi nzima ya hadibodi ina futi 4 kwa 8. Ikate mraba wa futi 2 kwa 2 na utapata vipande 8, bila hata kipande kimoja cha kutupa. Picha zake nyingi zina karibu sentimita 60 kila upande, yaani kipimo hichohicho. Mraba huo nao ukatawala uchoraji wenyewe. Mnyama mmoja anakaa katikati, na kwa kuwa pembe nne hazitakiwi kubaki tupu, shingo inageuka kutazama nyuma, mkia unapinda kufuata ukingo, ndege anatua juu ya mgongo, tawi linajipenyeza pale palipobaki. Wanaosema wanyama hao wamepindishwa kwa kutojua kuchora hawajatazama vizuri. Wamepindishwa na umbo la ubao, na mpangilio wake ni wa mtu aliyejua anachofanya.

Rangi ndiyo yenye mengi. Ilikuwa rangi ya mafuta ya kopo, ambayo watu waliizoea kama rangi ya baiskeli, inayokauka ikiwa ngumu na yenye kung'aa. Ni ya bei nafuu na inafunika vizuri kwa mkono mmoja, lakini ina masharti makali. Ikiwekwa mbichi juu ya mbichi, huchanganyika na kuwa tope. Kwa hiyo rangi ya chini hupakwa kwanza ubao mzima, kisha ubao husubiri. Baada ya saa kadhaa unaweza kuugusa, lakini ili brashi isiikwaruze rangi ya chini ni heri kuuacha ulale. Ndipo huja umbo la mnyama kwa rangi moja tambarare, halafu kusubiri tena, kisha mistari, na mwisho madoa na nukta. Kivuli cha taratibu, kile cha wachoraji wa mafuta wa Ulaya, kinadai rangi zichanganywe ubaoni zikiwa bado mbichi kwa muda mrefu, na rangi ya kopo haikupi muda huo. Nukta zikachukua nafasi ya kivuli: zikibanana, jicho huona unene wa mwili, zikiachana, huona mwanga. Huu ni ufumbuzi wa kiufundi wa hali ya juu, na unastahili kufundishwa kwa jina lake.

Katika kusubiri huko ndimo kazi inamopangwa. Anayechora ubao mmoja hukaa bure sehemu kubwa ya siku. Mwenye mbao sita ukutani hupaka rangi ya chini zote, na kesho yake zote ziko tayari kupokea umbo. Ila pale Bagamoyo hesabu hii huvurugwa na bahari. Wakati wa masika hewa hushiba unyevu, rangi huchelewa kukauka na mng'ao wake hufifia kama umepigwa ukungu. Upepo ukikaza mchana huleta mchanga, na chembe ikinasa kwenye rangi mbichi haitoki bila kuacha kovu. Wachoraji wenye busara hupaka asubuhi na kukausha ndani, mbali na dirisha linalotazama ufukwe. Miezi hiyo ya mvua ndiyo pia wageni hupungua, hivyo gharama ya kusubiri hupanda wakati mapato yameshuka.

Tingatinga aliuza picha zake Oyster Bay, kwenye Morogoro Stores, na mkewe Agatha alishiriki katika kuuza. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Kazi yake yote ya uchoraji haikuzidi miaka minne hivi. Mbinu ilinusurika kwa sababu ilikuwa rahisi kukabidhiana: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Simon Mpata waliipata kwake, na mwaka 1990 warithi wake wakasajili chama cha ushirika. Baadaye wengi walihama kutoka hadibodi kwenda kitambaa cha pamba kilichowambwa kwenye fremu, kwani mgeni hawezi kutia ubao kwenye begi la ndege.

Sasa kuna mlango mwingine, vitabu vya watoto, na mchoraji John Kilaka ameonyesha unavyofunguka. Kitabu chake kilichotoka Uswisi mwaka 2001, na baadaye kwa Kiingereza kama Fresh Fish, kinamfuata sokwe anayepeleka samaki sokoni na mbwa anayewatamani. Wanyama ni wa ukoo wa Tingatinga, ila wamevaa nguo. Nguo hizo ni pambo, na vilevile zinatatua tatizo: katika picha ya ukutani mnyama huonekana mara moja, lakini kitabuni msomaji lazima amtambue yuleyule ukurasa baada ya ukurasa, awe ameketi, anakimbia au amegeuka. Zaidi ya hapo, ile desturi ya kujaza pembe zote lazima ivunjwe, maana maandishi yanahitaji mahali pa kukaa na mshono wa kitabu usimkate mhusika usoni. Rangi inayong'aa nayo hurudisha mwanga wa taa wakati wa kupigwa picha, na rangi kali ya machungwa hupoa ikipita kwenye wino nne za mtambo wa kuchapa. Mchoraji ayajue haya kabla ya kuchagua rangi.

Kwenye malipo, kitabu kina faida ambayo wengi wa pwani hawaitumii. Mchapishaji anahitaji haki ya kuchapa. Ubao wenyewe hauhitaji. Mkataba ukitamka kwamba anapewa nakala ya kidijitali na haki ya toleo fulani, huku picha asilia ikibaki kwa mchoraji, ukurasa uleule huuzwa tena kwa mgeni anayepita Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Uandikwe pia kianzio kinachotosha kununua hadibodi na rangi, na idadi ya masahihisho yasiyolipiwa, kwa sababu rangi ya kopo haifutiki na kubadilisha mkao wa mnyama ni kuanza ubao upya. Mchapishaji wa hapa nyumbani akikata kodi ya zuio, mchoraji adai cheti chake siku ileile ya malipo, apate kukitoa atakapopiga hesabu za kodi za mwaka.