Kinaona, au Kinaweka?

Kwenye harusi ya binamu yangu, Tanga, mpiga video alikuja na droni. Ilikuwa zamu ya wanawake uani. Mitandio ilishawekwa pembeni, ngoma imekolea, mara tukasikia mvumo juu ya vichwa vyetu. Kila mtu akatafuta cha kujifunika. Shangazi mmoja alijikinga kwa ungo. Bibi hakukimbia. Aliinua uso, akaitazama ile droni iliyosimama hewani, kisha akaniuliza mimi, msomi wa familia: "Mjukuu wangu, hicho kidude kinaona tu, au kinaweka?"

Nikamwambia kinaweka.

"Basi kamwambie akishushe."

Kikashushwa.

Swali lake lilinirudia muhula uliopita, nilipotazama All Light, Everywhere kwa ajili ya semina ya shahada yangu ya umahiri. Ni filamu ya hali halisi ya mwaka 2021, kazi ya Mmarekani Theo Anthony, kuhusu polisi na kamera zao: zile za kifuani na zile za angani. Wenzangu wengi darasani waliipenda. Mimi pia niliipenda, lakini nadhani inauliza nusu ya swali la bibi.

Inaanza na jicho la mwongozaji mwenyewe. Tunaonyeshwa mahali ambapo neva ya kuonea inaungana na jicho, na tunaelezwa kwamba hapo hapo jicho halioni kitu. Hiyo ndiyo hoja inayobeba filamu: kila anayetazama ana pahali asipopaona, na mara nyingi ni pale aliposimama yeye. Kamera ya kifuani humwonyesha kila mtu aliye mbele ya polisi, isipokuwa polisi aliyeivaa. Kisha filamu inaturudisha nyuma. Mwaka 1874 Jules Janssen, mwanaastronomia Mfaransa, alitumia kamera iliyobuniwa kwa mfano wa bastola ili kuipiga picha Zuhura ikikatiza mbele ya jua. Mwaka 1882 Étienne-Jules Marey akatengeneza bunduki ya kupigia picha. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Julius Neubronner aliwafunga njiwa kamera ndogo vifuani na kuwarusha. Ukitoka hapo huwezi tena kuamini kwamba kamera ya polisi ni shahidi asiye na upande.

Lakini kutazama si jambo jipya, na wala si kosa. Waswahili tunasema macho hayana pazia. Sheria ya Marekani ilifikia mahali pale pale mwaka 1986. Huko Santa Clara, California, polisi walipata fununu kwamba mtu mmoja analima bangi nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amejizungushia nyua mbili, wa nje wa futi 6 na wa ndani wa futi 10. Polisi wakakodi ndege, wakapita juu kwa futi 1,000, wakaiona. Mahakama Kuu ya nchi ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba hawakukosea: anga ni njia ya wote, na yeyote aliyepita juu angeweza kuona. Mwenye nyumba alijenga kujikinga na jirani, hakujenga kujikinga na mbingu. Nyua za kwetu nazo ni hivyo hivyo: ukuta ni mrefu, juu pako wazi ili jua liingie na nguo zikauke.

Sasa tazama Baltimore, mji ambao filamu inautumia kama kisa chake kikuu. Mwaka 2016 ndege ya kampuni ya Persistent Surveillance Systems ilikuwa ikizunguka juu ya mji huo kwa ajili ya polisi, na wakazi hawakuambiwa hadi gazeti lilipofichua mwezi Agosti. Mwasisi wake, Ross McNutt, alitoka jeshi la anga. Teknolojia hiyo ilianzia vita vya Iraki. Kamera zilipiga picha ya eneo kubwa la mji kila sekunde. Mwaka 2020, baada ya mapatano mapya na jiji, ndege zilirudi kwa miezi sita, na picha ziliruhusiwa kuhifadhiwa kwa siku 45.

Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba mtu anaonekana kama nukta moja tu. Nukta haina uso, haina jina. Faragha gani imevunjwa? Ukiuliza swali la kuona, utetezi huo una nguvu. Ukiuliza swali la kuweka, unaanguka. Nukta inayotoka kwenye mlango fulani kila asubuhi na kurudi kwenye mlango ule ule kila jioni ina jina. Ina msikiti au kanisa, ina mchumba, ina zahanati inayokwenda bila kumwambia mtu. Juni 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali hoja ya aina hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 7. Filamu ilikuwa imeshatoka tangu Januari.

Simlaumu Anthony kwa hukumu ambayo haikuwapo. Wala si kwamba suala la kuweka halimo kabisa: Alphonse Bertillon, aliyewapangia polisi wa Paris kumbukumbu za nyuso na vipimo vya wahalifu, yumo. Lakini uzito wa filamu umebaki kwenye jicho, na jicho husahau. Jirani aliyekuona ukiingia mahali, wiki ijayo hana uhakika kama ilikuwa Jumanne. Kusahau huko ndiko sitara yetu ya kila siku, kuliko ukuta wowote.

Pia filamu ina haki ya kututatiza. McNutt anakutana na wakazi kuuza mpango wake, nao wanabishana wenyewe kwa wenyewe. Mji huo ulizika zaidi ya watu 300 waliouawa kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2022. Mama aliyezika mwana na kutaka ndege irudi si mjinga, na mwandishi anayemdharau kutoka maktaba ya chuo, kama mimi, ajiangalie.

Kinachonikera ni mwisho. Baada ya yote, tunaonyeshwa wanafunzi wa sekondari wa Baltimore wakitengeneza kipindi chao wenyewe, na maandishi yanatueleza kwamba sehemu yao haikupata nafasi ndani ya filamu. Ni ungamo la kweli. Lakini vijana wanaoishi chini ya ndege wamepewa mkia wa hadithi, na mwenye ndege amepewa kiwiliwili chake. Mwongozaji amejua pahali asipopaona, akatuonyesha, akapaacha palivyo.

Leo ndege zile hazihitajiki. Chula Vista, California, tangu 2018 polisi hutuma droni mtu akipiga simu ya dharura. Huwahi kufika, na hilo lina faida. Njiani hupita juu ya nyua za watu ambao hawakupiga simu yoyote. Mchapishaji wa gazeti la La Prensa San Diego alipoomba kuona video za mwezi mmoja, jiji lilikataa. Ikabidi mahakama ya rufaa iseme, Desemba 2023, kwamba haliwezi kuzizuia zote kwa kuziita kumbukumbu za upelelezi. Kwa hiyo swali la bibi lina mkia: kinaweka, na nani anaruhusiwa kufungua kilichowekwa?

Yeye aliweza kusema "akishushe" kwa sababu mpiga video alikuwa kijana wa kukodiwa, na ua ulikuwa wa kwake. Polisi huambiwi wakodiwe na nani, wala hakuna bibi wa kuwaamuru.

Na nikisema ukweli wote, hata sisi hatukumaliza. Droni ilishuka, bibi akaridhika, ngoma ikaendelea. Zile dakika zilizokwisha kurekodiwa zilibaki kwenye kadi ya yule kijana. Pale uani mimi ndiye niliyejua hilo vizuri kuliko wote, na sikumuuliza alizipeleka wapi.