Mzigo wa Benuzzi

Vitabu vingi vya Wazungu kuhusu milima yetu vina kasoro moja: shujaa anapanda, mzigo unabebwa na mtu asiye na jina. Felice Benuzzi, mfungwa wa vita Mwitaliano, kaikwepa hiyo katika No Picnic on Mount Kenya (1952). Mwaka 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi kambini wenyewe. Mzigo walibeba wao. Ramani hawana, picha ya mlima ni ile ya kwenye kopo la nyama. Batian ikawashinda, Lenana wakafika. Benuzzi anayasema yote bila haya, na njaa anaihesabu tonge kwa tonge. Hapo, ndugu msomaji, utamwamini tu.

Lakini mbona Kirinyaga yake haina wenyewe? Wenyeji kwake ni watu wa kukwepwa, wasije wakamchongea. Sawa, mtoro ana sababu. Sisi je? Tunaouona mlima ule kila asubuhi tunaandika mapenzi ya mjini, halafu tunalalamika mgeni katusemea. Haya, mzigo huo nani ataubeba?