Hongera Wanafunzi wa Yale

Mwaka 2019, jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, Marekani, lilifungua maonyesho yake makubwa ya kwanza ya sanaa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Walioyaandaa ni wanafunzi! Walipekua hazina za chuo, zikiwemo za Makumbusho ya Peabody, yanayosifika kwa mifupa ya dinosaria. Hapo ndipo ninapowavulia kofia. Shanga zilizotungwa moja moja na fundi, zikiwekwa jirani na visukuku, hutazamwa kama masalia ya watu waliokwisha. Wanafunzi hao walizikusanya kazi za miaka 200, za marehemu na za walio hai, wakazipanga kwa mahali, mataifa, vizazi na viumbe.