Mkanda wa majira au mkanda wa muda? Istilahi ipimwe gerejini

Kati ya ‘mkanda wa majira’ na ‘mkanda wa muda’ pana tofauti ya neno moja tu. Mwanafunzi wa sekondari aweza kukuambia kwamba majira na muda ni visawe, na huenda mwalimu wake asimkosoe. Lakini mpe fundi wa magari maneno hayo mawili, na hapo utaona kwamba moja linamwelekeza na jingine linampoteza. Makala ya leo ni uhakiki wa karatasi ndogo ya maelekezo na, kupitia kwayo, uhakiki wa namna tunavyounda istilahi za ufundi.

Karatasi yenyewe niliipata Asembo Bay, ufuoni mwa Ziwa Viktoria katika kaunti ya Siaya, nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa huko. Mpwa wangu ana pikapu ya dizeli inayobeba omena na mbuta kutoka ufuoni hadi Kisumu. Karo ya watoto wake watatu inatoka kwenye gari hilo. Kilomita za kubadilisha mkanda zilikuwa zimetimia, naye akaona heri amwite fundi aje aifanye kazi hapo hapo uani. Ndani ya boksi la spea mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye lugha nyingi, Kiswahili kikiwa karibu na mkiani. Nilifurahi kukiona. Kisha nikaanza kusoma.

Kabla sijaihakiki, tuelewane kwanza kuhusu kifaa. Ndani ya injini kuna vyuma viwili virefu vinavyozunguka. Cha chini, ambacho mafundi hukiita krenki, hupokea nguvu za pistoni. Kingine, kamshafti, hufungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti sharti izunguke mara moja kamili, si zaidi wala si pungufu. Katika injini nyingi vyuma hivyo huunganishwa na mkanda wa mpira wenye meno. Katika injini za dizeli kama zile za Toyota za 2L na 1HZ, ambazo zimejaa katika barabara zetu, mkanda huohuo huendesha pia pampu ya dizeli. Kwa hiyo ndio unaoamua ni lini valvu ifunguke na ni lini dizeli inyunyizwe.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Huishindilia hewa mpaka ikawa moto wa kutosha kuwasha mafuta. Ili hewa ishindiliwe hivyo, pistoni hupanda juu sana, na nafasi inayobaki kati yake na valvu ni finyu. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno kadhaa, pistoni huzigonga valvu. Valvu hupinda, na gharama ya mkanda mmoja inageuka kuwa gharama ya kufungua injini nzima. Ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo, na katika injini hizo mbili nilizozitaja kikomo cha kawaida ni kilomita 100,000. Mwenye gari hangoji mkanda ukatike ndipo aubadilishe.

Sasa turudi kwenye karatasi. Kosa la kwanza liko katika kichwa chake: ‘Kubadilisha mkanda wa muda’. Kiswahili kina mwalimu wa muda, makazi ya muda, daraja la muda. Nomino ikifuatwa na ‘wa muda’, msikilizaji huelewa kwamba kitu hicho kinashikilia tu nafasi mpaka chenyewe kipatikane. Mpwa wangu, ambaye Kiswahili chake ni kizuri, alielewa hivyo hivyo. Akaniuliza, “Nera, kwani huu ni wa kusukumia siku tu, halafu tununue ule wenyewe?” Nera ni mjomba kwa Kijaluo. Swali lake halikuwa la kijinga. Alikuwa amekisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, na aliyekosea ni aliyekiandika. Mtu mwingine angeurudisha mkanda huo dukani, au angeendelea kuendesha gari na mkanda uliochoka huku akiusubiri ‘ule wenyewe’.

Kosa la pili: ‘Peleka pistoni kwenye kituo cha juu kilichokufa.’ Msomaji ana haki ya kuuliza ni nini kilichokufa na kimezikwa wapi. Kinachosemwa hapa ni mahali ambapo pistoni hufika mwisho wa kupanda, husimama kwa nukta moja, kisha huanza kushuka. Kiswahili kina neno ‘kilele’, linalojulikana na kila aliyewahi kuuona mlima. Fundi wetu hakuhitaji hata hilo. Yeye alisema, “Namba wani iko juu kabisa,” na kazi ikaendelea.

Kosa la tatu ni la kuchekesha: ‘Ondoa wasiwasi wa mkanda.’ Hapa kitenzi ‘legeza’ kingetosha. Mbele kidogo tunaambiwa tukague ‘muhuri wa mafuta’, yaani ule mpira wa mviringo unaozuia oili isivuje, ambao gerejini huitwa sili. Muhuri uko ofisini kwa chifu. Ukimtuma mwanagenzi akatafute muhuri kwenye injini, atatafuta maandishi.

Makosa hayo matatu ni ya nomino, na nomino mbaya mara nyingi humchelewesha tu msomaji. La nne ni la kitenzi, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Karatasi inasema kwamba mkanda mpya ukishavishwa na kukazwa, ‘washa injini mara mbili, kisha hakikisha alama zinakutana.’ Msomaji akitii agizo hilo, na alama zikawa hazijakutana, valvu zitagongwa kabla hajapata nafasi ya kuhakikisha chochote. Maana iliyokusudiwa ni kuizungusha krenki kwa mkono, kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, ili kamshafti nayo imalize mzunguko wake mmoja na alama zote zirudi zilikokuwa. Mtu akizungusha kwa mkono, pistoni ikigusa valvu atahisi kizuizi na kusimama. Stata ya umeme haisimami.

Fundi aliposikia nikilisoma sharti hilo kwa sauti, aliinua kichwa. “Hapana, japuonj. Hapo hatuwashi. Hapo tunazungusha na spana.” Japuonj ni mwalimu. Katika sentensi mbili fupi alikuwa ameihariri tafsiri ambayo bila shaka mtu au mashine fulani ililipiwa kuifanya. Kiswahili kinatofautisha waziwazi kuzungusha, kuwasha na kupiga stata. Tofauti hiyo anaijua kila utingo wa matatu, na mtafsiri aliipoteza kwa sababu lugha aliyoitafsiri hutumia kitenzi kimoja kwa mambo yote hayo.

Wapo watakaosema: basi, maprofesa wakae kando, tuwaachie mafundi lugha yao. Sikubaliani nao. Lugha ya gereji nayo ina kasoro yake, na heshima ya kweli ni kuihakiki kama tunavyohakiki nyingine. Neno kuu la mafundi katika kazi hii ni ‘taimu’, au ‘taimingi’. Mkanda ni taimingi, alama ni taimingi, na mpangilio wa pampu ni taimingi vilevile. Nilimsikia fundi akimwambia kijana anayemfunza, “Cheki taimu.” Kijana akainamia pampu. Fundi alikuwa akimaanisha alama ya kamshafti, ikabidi anyooshe kidole. Kidole ndicho kilichoikamilisha sentensi. Uani kidole kinatosha, lakini hakiwezi kuandikwa kitabuni, wala hakisikiki kwenye simu fundi anapomwelekeza mwenzake aliyekwama Luanda K’Otieno.

Wala sina ugomvi na ukopaji. Sanduku la zana la fundi Mswahili ni makumbusho ya maneno yaliyosafiri. Parafujo ni la Wareno. Karakana lilitoka Uajemi na kupitia Bara Hindi. Spana, nati, jeki na breki ni ya Waingereza. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadaye meli za shirika la reli zikawa zikitia nanga hata hapa Asembo Bay. Maneno nayo yalishuka pamoja na mizigo. Motokaa iliingia Kiswahili kutoka Kiingereza, na Wajaluo wakawa na ‘mtoka’ yao, na leo hakuna nyanya katika kijiji hiki anayelihesabu neno hilo kuwa la kigeni. Neno la kukopa likifanya kazi, lina uraia.

Swali langu basi si kama neno ni la asili au la kukopa. Nauliza kama linafanya kazi. Ninapendekeza mizani mitatu. Kwanza, je, neno hilo laweza kuingia katika amri fupi na likatiiwa bila swali? Pili, je, linagongana na maana ya kila siku, kama ‘wa muda’ inavyogongana? Tatu, je, linazaa? Istilahi nzuri huwa na jamaa zake.

Kwa mizani hiyo, ‘majira’ linashinda. Mabaharia wa pwani walilitumia kwa njia ya chombo baharini, na wakulima hulitumia kwa msimu. Kwa wote wawili, majira ni mpango unaofuatwa, na akosaye majira huvuna hasara. Hiyo ndiyo kazi ya mkanda huu. Neno hilo huzaa pia: mkanda wa majira, alama za majira, kupanga majira ya pampu, majira yameruka. Mahali ambapo ‘taimu’ ilibeba vitu vitatu kwa jina moja, sasa kila kimoja kina lake. Kile chuma kinachoukaza mkanda tukiite kikazio, kutokana na kitenzi ‘kaza’ ambacho kila fundi anacho. Anayependa kusema ‘belti ya majira’ badala ya mkanda, na aseme. Belti imekwisha kuwa mwenyeji.

Mhakiki asiishie kubomoa. Hivi ndivyo ambavyo ningependa karatasi ile ingeandikwa:

“Tenganisha betri. Toa feni, mikanda ya nje na kifuniko. Zungusha krenki kwa spana mpaka pistoni ya kwanza ifike kileleni na alama zote za majira zikutane kama kitabu cha injini yako kinavyoonyesha. Legeza kikazio, toa mkanda. Mkanda ukiwa nje, usizungushe krenki wala kamshafti. Kagua beringi ya kikazio, pampu ya maji na sili. Panapovuja parekebishwe sasa. Visha mkanda mpya, mshale wake uelekee upande ambao injini huzungukia. Kaza. Zungusha krenki kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Alama zisipokutana, usiwashe; rudia.”

Hakuna neno humo linalohitaji shahada. Nilimsomea fundi, naye akanirekebisha mahali pawili kabla ya kukubali. Nilikuwa nimeandika ‘kiziba mafuta’. Akasema hakuna mwenye duka la spea atakayekuelewa, niandike sili. Nilikuwa nimeandika ‘vaa mkanda’, akacheka na kuniambia, “Mkanda tunavisha, japuonj. Kuvaa ni wa suruali.” Maneno yote mawili nimeyachukua kutoka kwake.

Jambo hili ni kubwa kuliko pikapu moja. Kamati iliyosanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania likaanzishwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981. Hapa Kenya, katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu 2022 dunia huiadhimisha kila tarehe 7 Julai. Sherehe hizo ninazihudhuria na kuzifurahia. Hata hivyo, kijana anayejifunza umakanika Bondo au Kisumu husoma vitabu vya Kiingereza, hufunzwa kwa Kiswahili na lugha ya mama, na pengo lililo katikati hulijaza kwa kidole. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mtu ‘zungusha, usiwashe’ ina urasmi wa karatasi tu.

Wanaleksikografia wenzangu, tumezoea kukutana hotelini na kupigia kura istilahi tukiwa tumeketi. Tuwaalike mafundi, au, bora zaidi, tuwafuate waliko. Kabla istilahi haijachapishwa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu mwenye spana mkononi. Akiuliza swali, tuirekebishe. Akiinama na kuendelea na kazi, tuichape.