Namna Shaba Inavyoshikamanishwa na Plastiki katika Saketi Nyumbufu

Saketi nyumbufu ni njia za umeme za shaba zilizojengwa juu ya utando mwembamba wa plastiki unaokunjika. Ndani ya simu, saketi hizi huunganisha skrini na kamera mahali ambapo bodi ngumu haiingii. Utando unaotumika zaidi ni wa poliimidi, plastiki ambayo DuPont ya Marekani iliingiza sokoni kwa jina la Kapton katika miaka ya 1960. Unene wake mara nyingi ni mikromita 12.5 au 25, nao hustahimili joto la kulehemea vipuri, linalokaribia nyuzi 260 za Selsiasi.

Ustahimilivu huo una gharama. Uso wa poliimidi ni laini na hauungani kwa urahisi na kitu kingine, hivyo shaba iliyowekwa juu yake bila maandalizi hubanduka. Gundi hutatua tatizo hilo, lakini huongeza unene na hulegea kwenye joto ambalo poliimidi yenyewe ingelivumilia. Kwa saketi zenye njia nyembamba sana, metali huwekwa moja kwa moja juu ya plastiki.

Kwanza utando hukaushwa, kwa sababu poliimidi hufyonza unyevu wa hewani, na mvuke wake huharibu kazi ndani ya chemba ya ombwe. Kisha uso hupigwa kwa plazma ya oksijeni. Plazma hukata baadhi ya vifungo vya molekuli na kuacha vikundi vyenye oksijeni, ambavyo metali inaweza kuvishika. Kipimo ni muhimu: plazma ikizidi, huacha tabaka la molekuli zilizokatikakatika, lisilo na nguvu.

Bila kuutoa utando kwenye ombwe, ioni za agoni hugonga bamba la nikeli na kromiamu, na atomu zinazochomoka hutua juu ya plastiki. Tabaka hili, lenye unene wa nanomita kumi au ishirini hivi, hushika poliimidi kwa nguvu na kuzuia shaba isipenye na kuiozesha plastiki kwenye joto. Juu yake huwekwa shaba nyembamba ya kupitisha umeme.

Baada ya hapo, utando hupakwa dawa inayoathiriwa na mwanga, na mchoro wa saketi huchapwa kwa mwanga wa urujuanimno. Utando huingizwa kwenye myeyusho wa salfeti ya shaba, na umeme hujaza shaba kwenye mifereji iliyoachwa wazi na dawa tu. Dawa huondolewa, kisha shaba nyembamba iliyobaki kati ya njia huyeyushwa. Nikeli na kromiamu huhitaji kemikali yao ya kuyeyushia. Mabaki ya metali hizo huvujisha umeme kati ya njia.

Mwishoni saketi hufunikwa kwa poliimidi nyingine, na sehemu za kulehemea hupakwa nikeli ya mikromita 3 hadi 6 na dhahabu nyembamba mno. Nikeli nene namna hiyo hupasuka ikikunjwa, kwa hiyo huwekwa mbali na mikunjo.

Ubora hupimwa kwa kuvuta ukanda wa shaba wima. Ukibanduka kirahisi ukiwa safi, uso haukuandaliwa vya kutosha. Ukibanduka kirahisi ukiwa na mabaki ya plastiki, plazma ilizidi.