Ukimya wa Nani?

Insha nyingi za kupanda milima zina sentensi moja inayojirudia: hapakuwa na mtu. Mwandishi ameikwepa njia yenye msongamano, amepata miamba na upepo, na ukimya anauandika kama sifa ya mlima, sawa na urefu wake. Nikiandaa tasnifu yangu ya uzamili nilisoma tena *No Picnic on Mount Kenya*, kitabu cha Felice Benuzzi. Kinaipinga sentensi hiyo vizuri kuliko vingine nilivyosoma, kisha chenyewe kinaingia mtegoni.

Januari 1943, Benuzzi na wafungwa wenzake wawili wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Waingereza Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Hawakuwa na ramani ya maana; walitegemea hata lebo ya kopo la nyama yenye picha ya mlima. Mmoja aliugua, akabaki chini. Kilele cha Batian kiliwashinda wawili waliosalia, wakafika Lenana, mita 4,985, wakaacha bendera ya Italia. Kisha wote watatu walirudi kambini kwa hiari yao.

Nguvu ya kitabu iko hapo. Benuzzi anaonyesha kwamba ukimya una bei: miezi ya kujiwekea akiba ya chakula kidogo kidogo, njaa njiani, kisha adhabu ya siku 28 za kufungiwa peke yake, iliyopunguzwa hadi 7. Tunajua pia ametoka wapi: nyuma ya seng'enge, katika umati asioweza kuukwepa. Mwandishi asiyeniambia amekimbia nini hanishawishi kwamba amefika mahali patulivu.

Lakini bei anayoihesabu ni yake tu. Kabla ya kutekwa alikuwa ofisa wa utawala wa kikoloni wa Italia nchini Ethiopia. Bendera ile ni ya mkoloni mmoja kwenye mlima uliotwaliwa na mkoloni mwingine. Watu wa kule chini, kwa mtoro kama yeye, ni macho ya kuepuka. Kwa Wakikuyu huo ni Kirinyaga, makao ya Ngai, na wazee waliomba wakiuelekea bila haja ya kukanyaga kilele. Ukimya wa mlima waliujua kabla yake, na hawakuhitaji bendera kuuthibitisha.

Leo Lenana ndiko wapandaji wengi huishia, wakisubiri jua lichomoze. Wengi wana kiongozi wa njia, mpishi na wapagazi. Wakishuka, baadhi yao huandika kwamba hapakuwa na mtu. Benuzzi alibeba mzigo wake mwenyewe, kwa hiyo ana udhuru ambao sisi hatuna. Siwaombi waandishi wa rika langu waache kuutafuta upweke mlimani. Nikipewa insha zao kuhariri, swali langu la kwanza litakuwa hili: aliyekupikia chai usiku ule, kabla hujaanza kupanda, umemwandika wapi?